Wasomaji Wanauliza: Tepu Ilitoka Wapi, Nani Aliikata?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kati ya matoleo kumi ya albamu ileile, nichukue lipi? Msimamo wetu ni uleule. Stika ya jaladani haitoshi mpaka tujue tepu ilitoka wapi na ni fundi gani aliyeikata kuwa santuri.

Swali: Mhariri, salamu. Nimeonyeshwa Led Zeppelin II ya Marekani. Muuzaji anasema ni "RL", na bei yake ni mara nyingi ya nakala ya kawaida. RL ni nini, na nitahakikishaje kabla sijatoa pesa?

Jibu: Salamu, ndugu. RL ni Robert Ludwig, fundi aliyeikata santuri hiyo mwaka 1969 pale Sterling Sound, New York, akiwa na umri wa miaka 24. Aliikata kwa sauti kubwa na besi nzito, kama muziki wenyewe ulivyotaka. Simulizi maarufu ni kwamba nakala ilifika nyumbani kwa Ahmet Ertegun, mkubwa wa kampuni ya Atlantic, ikawekwa kwenye mashine ya bei rahisi na sindano ikaruka. Atlantic wakaagiza ikatwe upya, sauti ikashushwa na besi ikapunguzwa. Ndiyo maana nakala nyingi za Marekani zilizofuata zinasikika kama zimefunikwa blanketi.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Toa santuri, iinamishe chini ya taa moja yenye mwanga mkali, kisha angalia ule ukingo mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Unatafuta herufi RL zilizochorwa kwa mkono, ndogo, pamoja na SS ya Sterling Sound. Geuza, tafuta tena. Upande mmoja ukiwa na RL na mwingine hauna, unauziwa nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Jalada si ushahidi, maana majalada hubadilishwa. Picha ya lebo nayo si ushahidi. Muuzaji wa mbali mwombe picha ya ukingo huo kwa pande zote mbili. Akisita, achana naye.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloumiza watu. Nakala hizi zilipigwa miaka ya 1970 kwenye mashine zilezile zilizokuwa zikirusha sindano, na sindano nzito hula kuta za mifereji mahali penye sauti kubwa. Mifereji mizima hung'aa nyeusi. Iliyolika huwa na ukungu wa kijivu usiotoka kwa kuosha. Kama pembeni mwa "Whole Lotta Love" kuna kijivu, RL hiyo itakwaruza kila gitaa linapoingia. RL iliyolika hatuipendekezi. Kwa kusikiliza tu, toleo la 2014 lililosimamiwa na Jimmy Page na kuandaliwa na John Davis litakupa raha zaidi.

Swali: Nakala yangu ya The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, chapa ya Uingereza, ina pembetatu ya buluu kwenye lebo. Ukingoni imeandikwa SHVL 804 A-2, kushoto kuna 3, kulia kuna RO. Nimeulizia kila mahali, hakuna aliyenieleza herufi hizo.

Jibu: Una kitu kizuri mkononi. Lebo ya Harvest yenye pembetatu ya buluu iliyojaa rangi, pamoja na A-2 na B-2, ndiyo chapa ya kwanza ya Machi 1973. Ilitoka na mabango mawili na stika mbili ndani. Kama bado zipo, usizitenganishe na jalada.

Sasa herufi. Fundi hukata sahani ya laka. Kutoka kwenye laka hutengenezwa chuma kiitwacho baba, chenye matuta badala ya mifereji. Baba huzaa mama mwenye mifereji, na mama huzaa vyuma vya kukandamizia, ambavyo ndivyo vinavyobana plastiki kuwa santuri. Kiwanda cha EMI kiliandika ukoo huo wote ukingoni. Shika santuri namba ya matriksi, yaani hiyo SHVL 804 A-2, ikiwa chini kabisa, pale mshale wa saa unaposimama saa kumi na mbili. A-2 ina maana ni laka ya pili ya upande A. Tarakimu ya kushoto ni namba ya mama. Herufi za kulia ni namba ya chuma cha kukandamizia, nazo zimefichwa katika neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Kwa hiyo RO ni 2 na 5. Nakala yako ilitoka kwa mama wa tatu, chuma cha 25.

Wengine hukimbilia namba ndogo tu. Namba ndogo inaonyesha uzee. Haihakikishi sauti nzuri, kwa sababu nakala ya mwisho ya chuma cha 1 ilibanwa na chuma kilichochoka, na nakala ya kwanza ya chuma cha 25 ilibanwa na chuma kipya. Pembetatu itakusaidia kujua umri. Usafi wa mifereji ndio utakaokupa muziki.

Swali: Rimasta na rimiksi ni kitu kimoja? Nilinunua toleo jipya la albamu ninayoijua kwa moyo, nikahisi kuna mtu ameingia ndani ya nyumba na kuhamisha viti.

Jibu: Huenda kweli ameingia. Rimasta ni kuchukua tepu ya mwisho yenye njia mbili, ile iliyokwisha kuchanganywa, na kurekebisha ukubwa wa sauti, uwiano wa juu na chini, pengine kupunguza mchakacho. Gitaa haliwezi kuhama upande. Rimiksi ni kurudi kwenye tepu ya njia 8, 16 au 24, ambako kila chombo kiko peke yake, na kuchanganya upya kuanzia mwanzo. Ya kwanza ni kupiga pasi shati. Ya pili ni kulifumua na kulishona tena.

Rimiksi inaweza kuwa zawadi. In the Court of the Crimson King ya bendi ya King Crimson, 1969, ilichanganywa upya na Steven Wilson pamoja na Robert Fripp kwa toleo la 2009, na vyombo vilivyokuwa vimebanana vikapata nafasi ya kupumua. Shida ni pale jalada linapokuwa kimya. Mwaka 1987 albamu za zamani za ZZ Top zilikusanywa kwenye CD kwa jina la Six Pack. Karibu zote zilikuwa zimechanganywa upya, ngoma zimewekewa mwangwi wa miaka ya 1980, na muziki mkavu wa Tres Hombres ya 1973 ukawa kama umepigwa ndani ya ghala. Kwa miaka mingi aliyenunua CD hakujua albamu halisi inasikikaje. Mchanganyiko wa asili wa Tres Hombres ulirudishwa mwaka 2006. Ukikutana na CD yake ya zamani, angalia mwaka kwanza.

Mfano mbaya kuliko wote tunaoujua ni wa Blizzard of Ozz na Diary of a Madman za Ozzy Osbourne. Kufuatia ugomvi wa kisheria na Bob Daisley na Lee Kerslake, matoleo ya 2002 yaliondolewa kabisa besi na ngoma zao, vikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Wapigaji hao ni hodari, hilo halina ubishi. Lakini Randy Rhoads alipiga gitaa lake akiwasikiliza Daisley na Kerslake, na huwezi kumbadilishia mtu wenzake miaka ishirini baadaye ukatarajia mazungumzo yabaki yaleyale. Rekodi za asili zilirudi mwaka 2011. Ukiziona hizi mbili zimeandikwa 2002, ziache.

Kuhusu kelele: Raw Power ya Iggy and the Stooges, 1973, ilichanganywa na David Bowie, kisha Iggy Pop mwenyewe akaichanganya upya kwa toleo la 1997, kwa sauti iliyopandishwa mpaka vilele vikakatika. Unaweza kuliona hilo kwa macho. Fungua wimbo kwenye programu ya Audacity, kuza picha ya mawimbi, uangalie vilele. Vikiwa na ncha tofautitofauti, ni salama. Vikiwa bapa kama vimekatwa kwa panga, sauti imebanwa na hakuna spika itakayoirudisha. Unapolinganisha matoleo mawili, lipunguze lile lenye sauti kubwa mpaka yalingane, la sivyo sikio litachagua kubwa kila mara. Pia usiamini vipimo vya DR (tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) vya santuri iliyohamishiwa kwenye kompyuta: santuri hupandisha namba hiyo hata kama imekatwa kutoka faili lilelile lililobanwa la CD.

Swali: Stika imeandikwa "gramu 180". Je, ni bora kuliko santuri za zamani?

Jibu: Ni nzito zaidi, basi. Santuri za kawaida zilikuwa na gramu 120 hadi 140, na kina cha mifereji ni kilekile. Gramu 180 hukaa vizuri kwenye sahani na hustahimili kupinda kidogo zaidi, lakini haiongezi hata noti moja.

Maneno ya kutafuta ni jina la fundi aliyekata na chanzo chake. "Kutoka tepu za asili" bila maelezo yanaweza kumaanisha tepu ilisomwa, ikageuzwa faili, na faili ndilo lililokatwa. Mwaka 2022 kampuni ya Mobile Fidelity ilikiri kwamba matoleo yake mengi, ambayo wanunuzi waliyaamini kuwa ni ya analogi mwanzo hadi mwisho, yalipitia hatua ya dijitali ya DSD. Santuri zile hazikugeuka kuwa mbaya siku ile, nyingi ni nzuri sana. Kilichovunjika ni uaminifu, na tangu hapo makampuni kadhaa yameanza kuandika njia nzima ya tepu nyuma ya jalada. Wapeni upendeleo wanaofanya hivyo.

Swali: Najifunza gitaa kwa kufuatisha albamu ya kwanza ya The Doors. Nimetyuni kwa kipima sauti, bado haliendani na "Light My Fire". Kosa langu?

Jibu: Si kosa lako hata kidogo. Albamu hiyo ya 1967 ilitoka ikizunguka polepole kuliko ilivyopigwa, na katika wimbo huo tofauti ni kama asilimia 3.5, yaani zaidi kidogo ya nusu ya semitoni. Kasi ilisahihishwa kwenye toleo la miaka 40, mwaka 2007. Una njia tatu: tafuta toleo hilo, au pandisha kasi ya mashine kwa asilimia 3.5 kama ina kitelezi cha kasi, au legeza nyuzi zote kidogo mpaka gitaa likubaliane na toleo la zamani. Wapo wanaolipenda lile la polepole kwa sababu ndilo walilolizoea tangu utoto. Kwa kujifunza, chukua lililosahihishwa.

Swali: Wimbo wa mwisho wa kila upande unakwaruza, hasa herufi S, hata kwenye santuri mpya. Nimebadili spika, hakuna nafuu.

Jibu: Spika hazina hatia. Santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mduara unapungua. Ukingoni nje mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni sentimita 21 tu. Sekunde ileile ya muziki inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, mawimbi ya S yanakuwa mafupi kuliko ncha ya sindano, na sindano inashindwa kuyafuata.

Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza safisha ncha ya sindano kwa brashi ndogo, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Jiulize ina saa ngapi: sindano ya kawaida ya duaradufu tunaipa saa 500, na baada ya hapo inageuka kisu. Pili, pima mkao wa katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, kwa kadi ya kupimia yenye nukta mbili, kwa kawaida milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati. Katriji isimame sambamba na mistari kwenye nukta zote mbili. Hapa ndipo makosa mengi yalipo, maana kupotoka kwa milimita moja hakusikiki wimbo wa kwanza, kunasikika wa mwisho.

Tatu, uzito wa sindano juu ya santuri. Kama mtengenezaji amesema gramu 1.5 hadi 2.0, weka 1.9. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, na kumbe sindano nyepesi hurukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, uharibifu mkubwa kuliko wa kukaa imetulia. Nne, sikiliza ni upande gani unaokwaruza kwanza. Mkono huvutwa kuelekea katikati, hivyo sindano huegemea ukuta wa ndani, ambao ni chaneli ya kushoto, na kuuacha ukuta wa nje, ambao ni wa kulia. Spika ya kulia ikianza kukwaruza, ongeza kidogo nguvu ya kuzuia mvuto huo. Ya kushoto ikianza, punguza.

Yote yakishindikana, nenda kwenye sindano yenye ncha nyembamba ya mstari. Ni ghali, lakini ndiyo iliyotengenezwa kwa tatizo hili.

Kuna santuri nyingine ambazo tatizo lilianzia studio. Upande ukizidi dakika 22 hivi, fundi hulazimika kushusha sauti na kupunguza besi ili mifereji itoshee. Brothers in Arms ya Dire Straits, mwaka 1985, ilirekodiwa kidijitali na CD ikabeba dakika 55. Santuri moja isingeweza, kwa hiyo nyimbo kadhaa zilifupishwa. Urefu kamili ulipatikana baadaye kwenye matoleo ya santuri mbili. Mwenye santuri ya 1985 akidhani CD imeongezewa, ajue ni yake iliyopunguzwa.

Swali: The Beatles: mono au stirio? Rafiki yangu ananicheka kwa kununua mono wakati nina spika mbili.

Jibu: Mwambie asikilize Sgt. Pepper's ya 1967 kwa mono, kisha kwa stirio. Wakati ule mono ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Bendi ilikaa studio ikiifuatilia, na stirio ikafanywa haraka baadaye bila wao. Tofauti zinasikika waziwazi. "She's Leaving Home" ya mono iko semitoni moja juu na inakwenda upesi. Ya stirio inajikokota. "Lucy in the Sky with Diamonds" ya mono ina ule mzunguko wa sauti kama upepo ambao stirio haina. Mwishoni mwa "Sgt. Pepper" ya kurudiwa, mono inakuachia kelele za Paul McCartney juu ya makofi.

Si kila mahali mono inashinda. Kwenye Albamu Nyeupe ya 1968, "Helter Skelter" ya mono inaisha mapema bila ile sauti ya Ringo Starr akilalamika malengelenge ya vidole. Abbey Road haikuwa na mchanganyiko wa mono kabisa, kwa hiyo anayekuuzia "mono adimu" ya Abbey Road anakuuzia stirio iliyounganishwa.

Kwa kununua sasa, santuri za mono za 2014 zilikatwa moja kwa moja kutoka tepu bila kupitia dijitali, nazo ndizo tunazozisifu bila kusita. Santuri za stirio za 2012 zilikatwa kutoka mafaili. Kwa wawindaji: Revolver ya mono ya Uingereza, 1966, ikiwa na XEX 606-1 upande wa pili, ina mchanganyiko tofauti wa "Tomorrow Never Knows" uliobadilishwa mara tu uchapaji ulipoanza. Tarakimu hiyo ya mwisho, 1, ndiyo tofauti yote. Na epuka matoleo ya zamani ya Capitol, kampuni yao ya Marekani, yaliyoandikwa Duophonic: ni mono iliyogawanywa kwa ujanja ikaitwa stirio, na inasikika kama inatoka bafuni.

Swali: Live at Leeds yangu, The Who, ina milio ya kukatikakatika. Nimeiosha mara tatu.

Jibu: Acha kuiosha. Milio hiyo iko kwenye tepu ya Februari 14, 1970. Lebo ya santuri ya kwanza iliandikwa kwa mkono onyo kwamba kelele za kukatika ni sawa na zisirekebishwe, kwa ajili ya mafundi wa kiwandani. CD ya 1995, iliyoongezwa kutoka nyimbo 6 hadi 14, iliziondoa kidijitali. Sisi tunaipenda yenye milio.

Swali: Rekodi za magendo bado zina maana siku hizi? Nina santuri ya Bob Dylan iliyoandikwa Royal Albert Hall 1966.

Jibu: Kama kumbukumbu, ndiyo. Kama njia ya kusikiliza, mara chache. Magendo ya rock yalianza kuvuma mwaka 1969 Los Angeles, kwa Great White Wonder, santuri mbili za Dylan ndani ya jalada jeupe lisilo na neno. Yako ni maarufu zaidi, na jina lake ni kosa: onyesho lile lilikuwa Free Trade Hall, Manchester, Mei 17, 1966, usiku ambao mtu mmoja ukumbini alimpigia Dylan kelele "Yuda!" Lilitolewa rasmi mwaka 1998 kutoka tepu bora. Onyesho halisi la Royal Albert Hall lilitolewa mwaka 2016.

Kuna sababu ya kisheria iliyofanya magendo yapungue thamani. Ulaya iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 kwa agizo la 2011, lakini rekodi ambayo haikuwahi kutolewa ndani ya miaka 50 ya kwanza hupoteza ulinzi. Makampuni yakaanza kutoa vitu vya kabatini mwishoni mwa mwaka, kabla saa haijagonga. Mwaka 2012 zilitoka CD za Dylan za 1962 kwa nakala kama 100 tu, na Desemba 2013 zikafuata rekodi 59 za The Beatles za 1963 kwa njia ya kupakua. Kama unatafuta rekodi adimu ya kweli, angalia orodha hizo za Desemba. Zile santuri mpya za "matangazo ya redio" zilizojaa sokoni, nyingi hukatwa kutoka faili ambalo limekwisha kubanwa mara kadhaa, zipite.

Swali: Nina Yesterday and Today ya The Beatles, ya Capitol, yenye picha ya sanduku. Nitajuaje kama chini yake kuna ile picha ya wachinjaji, na niibandue?

Jibu: Tazama kwanza. Picha ya wachinjaji, ile ya bendi ikiwa imevaa kama wachinjaji, ilifunikwa Juni 1966 kwa kubandika karatasi mpya juu ya ya zamani. Weka jalada chini ya mwanga mkali, angalia eneo jeupe upande wa kulia, chini ya neno Today. Ukiona kivuli cheusi chenye umbo la V, hiyo ni shingo ya nguo ya Ringo. Pitisha pia kidole ukingoni; karatasi iliyobandikwa huwa na kaukingo kanakosikika. Bila V, ni jalada la kawaida la baadaye.

Ukiiona, usibandue. Gundi hukaza kwa miaka, na mvuke unaolegeza karatasi ya juu hulegeza pia rangi ya chini. Jalada lenye karatasi yake kamili lina heshima yake sokoni. Lililobanduliwa likachanika halirudi. Na angalia mgongo: ST 2553 ni stirio, T 2553 ni mono, na stirio ndiyo ngumu kupatikana.

Swali: Nimeachiwa tepu za studio za bendi ya rock ya miaka ya 1970, boksi zimeandikwa Ampex 456. Nilipoipiga moja ilipiga mluzi na kusimama. Nisafishe kichwa niendelee?

Jibu: Simama hapohapo, usiipige tena. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye tepu hizo hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika, ikawa ute. Kila mzunguko unaoongeza unabandua muziki na kuuacha kwenye kichwa cha mashine kama tope la kahawia.

Dawa yake ni joto dogo kwa muda mrefu. Kabla ya hapo hakikisha ni tepu ya poliesta: itoe kwenye boksi, tazama kibunda cha tepu iliyozungushwa kwa pembeni dhidi ya taa. Kikipitisha mwanga ni asetati ya zamani, na hiyo ikipata joto inaharibika moja kwa moja. Kikiwa cheusi kisichopitisha, endelea. Iweke kwenye kikaushio chenye feni na kidhibiti joto, nyuzi 54 za Selsiasi, saa 8 kwa tepu ya robo inchi, ukiigeuza nusu ya safari. Jiko la nyumbani halifai, joto lake hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na la maikrowevu usilifikirie. Iache ipoe kwa muda uleule iliokaa kwenye joto, kisha ihamishe kwenye dijitali, kilohezi 96 kwa biti 24, mara moja, mwanzo hadi mwisho. Unafuu hudumu wiki chache tu, halafu ute unarudi. Kwa hiyo andaa mashine, nyaya na nafasi ya diski kabla ya kuwasha kikaushio, na anza na tepu isiyo muhimu kuliko zote.

Swali: Nioshe santuri kwa kutumia nini?

Jibu: Mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za isopropili safi isiyo na manukato, matone 2 ya sabuni ya maji isiyo na rangi. Pakaza kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu, simamisha ikauke. Maji ya bomba huacha chokaa ndani ya mfereji, na hiyo ndiyo milio utakayoisikia kesho. Mchanganyiko huu usiguse kabisa santuri za kale zilizotengenezwa kwa shellac badala ya plastiki, wala sahani za asetati, isopropili huziyeyusha. Baada ya hapo tupa ile karatasi ya ndani ya zamani, weka mfuko wa poliethilini. Mifuko ya PVC laini hutoa mafuta yanayoacha ukungu juu ya santuri, na ukungu huo hautoki.